Kabla Ada Haijalipwa

Minada ya ufuta ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hupamba moto kati ya Juni na Julai. Matokeo ya kidato cha sita hutoka wakati huohuo, na muda si mrefu dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa. Kwa kaya nyingi za huko mambo haya matatu ni jambo moja. Malipo yakiingia, kikao cha familia kinaitishwa: mtoto akasome nini, akasomee wapi, na nani wa kumpokea huko.

Maswali ya vikao hivyo yanajulikana. Ada ni shilingi ngapi kwa mwaka? Mkopo wa serikali utapatikana? Kuna shangazi Mbagala au mjomba Dodoma? Kozi hiyo ina ajira? Ni maswali ya watu wanaojua uzito wa shilingi iliyotoka shambani. Lipo moja ambalo huulizwa mara chache mno, na ndilo lililowaliza wengi nchini katika miaka ya karibuni: hiyo shahada, ikishapatikana, nani ataitambua?

Wengi hudhani jibu ni rahisi. Chuo kimesajiliwa na serikali, basi cheti chake kimetambuliwa. Sivyo mambo yalivyo. Tanzania inao ukaguzi wa namna mbili, kila mmoja una mwenyewe, na wenyewe hao hawaafikiani kila mara.

Mwenyewe wa kwanza ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi Julai 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo, ikirithi kazi za Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililoundwa mwaka 1995. TCU ndiyo inayotoa ithibati kwa chuo, na pia kwa programu moja moja ndani ya chuo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, kina Hati Idhini ukutani na mahafali yenye brasibendi, na bado kozi moja kati ya zake 30 ikawa haijapewa kibali au kibali chake kimekwisha muda. Vyuo vya stashahada na astashahada navyo viko chini ya baraza jingine, lililoundwa mwaka 1997 kwa jina la NACTE na ambalo leo linaitwa NACTVET.

Wenyewe wa pili ni bodi na mabaraza ya taaluma. Uhandisi una Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Udaktari una Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi na wafamasia wana mabaraza yao, wahasibu wana NBAA tangu mwaka 1972, na mawakili hawawezi kuapishwa bila kupita LST, taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Vyombo hivi havitoi shahada. Vinachotoa ni ruhusa ya kufanya kazi, na ruhusa hiyo ndiyo anayoitafuta mzazi anapotoa fedha yake.

Mfano uko karibu na nyumbani. Wilaya ya Ruangwa imekaa juu ya kinywe, madini yanayotakiwa duniani kote kwa ajili ya betri, na mgodi wa Lindi Jumbo uko huko. Nachingwea nako kuna nikeli ya Ntaka. Kijana wa Mbekenyera au wa Naipanga anayesikia habari hizo akiwa kidato cha tano anaona njia: asome uhandisi wa migodi, arudi afanye kazi kwao. Akimaliza shahada, sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997 haimruhusu kufanya kazi ya uhandisi mpaka ERB imsajili, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya mafunzo kazini, ambayo bodi imeyawekea mpango maalumu wa miaka mitatu tangu 2003, kama mhandisi mtaalamu. Bodi ikisema kozi aliyosoma haina masomo ya kutosha ya kuitwa uhandisi, kijana huyo anabaki na karatasi. TCU inaweza kuwa iliipitisha kozi hiyo, na Bodi ya Mikopo ikawa iliilipia. Hayo hayambadilishii hali yake mbele ya bodi, na mkopo wake unadaiwa vilevile.

Dai la makala haya ni hili: pale serikali, chuo na bodi ya taaluma wanapokosana juu ya kozi, hasara haipaswi kumwangukia mwanafunzi. Leo inamwangukia yeye peke yake, na kadiri kwao kulivyo mbali na Dar es Salaam ndivyo inavyokuwa nzito.

Ushahidi haupo mbali. Februari 2016, mkoa jirani wa Ruvuma, TCU ilivifuta vyuo vikuu vishiriki viwili vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, kimoja cha kilimo na kingine cha teknolojia ya habari. Kampasi ya Arusha ya chuo hichohicho ikafuata. Sababu zilizotajwa ni ubora wa elimu, uongozi, na ukiukaji wa taratibu. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetetea chuo kisicho na walimu wala maabara za kutosha. Swali ni hili: wanafunzi wale waliingiaje humo? Hawakuvunja dirisha. Walidahiliwa kupitia mfumo wa pamoja wa udahili ambao TCU yenyewe ilikuwa ikiuendesha tangu mwaka 2010, na baadhi walikuwa wakilipiwa na Bodi ya Mikopo. Mlango waliopitia ulifunguliwa na mkono uleule uliokuja kuufunga.

Wakahamishiwa vyuo vingine. Neno "kuhamishiwa" linaonekana jepesi gazetini. Mwanafunzi aliyezoea Songea, aliyepanga chumba kwa kodi ya mwaka mzima, anaambiwa sasa ataripoti mji mwingine, kwenye mtaala mwingine, ambako baadhi ya masomo aliyofaulu hayahesabiwi na mengine ambayo hakuyasoma yanamsubiri. Nauli, godoro na miezi inayopotea vinatoka mfukoni mwa mzee aliyeko kijijini.

Miezi mitatu baadaye ikaja Dodoma. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walitakiwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa muda wa saa chache. Programu ile ilikuwa wazo la serikali yenyewe, lililobuniwa kuziba pengo la walimu wa sayansi na hisabati kwa kuchukua vijana waliomaliza kidato cha nne. Wahadhiri waligoma kuifundisha, Bunge likachafuka, na Rais John Magufuli akasema hadharani kwamba vilaza hawawezi kukaa chuo kikuu. Neno hilo liliumiza kuliko amri yenyewe. Vijana wale hawakujidahili. Waliitwa, wakapewa mikopo, wakapewa vitanda. Baadaye walichujwa, wachache wakabaki pale chuoni, wengi wakagawanywa kwenye vyuo vya ualimu nchini, wengine wakaachwa nje.

Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia mwaka 2010 hadi 2025. Majaliwa ni mwalimu kwa taaluma: alisomea chuo cha ualimu Mtwara, akafundisha, na shahada yake ya ualimu akaichukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1998. Njia aliyoipita, ya stashahada kwanza, kazi, halafu shahada, ndiyo ambayo walimu wengi wa Lindi na Mtwara wameipita, na Chuo cha Ualimu Nachingwea kimetoa walimu wengi wa namna hiyo. Inawezekana kwa sababu kila ngazi inaitambua iliyo chini yake. Siku ngazi moja ikikataliwa, aliyeko katikati hana pa kuweka mguu.

Mwaka uliofuata jambo likawa la nchi nzima. Julai 2017, baada ya ukaguzi uliofanyika kuanzia Oktoba 2016, TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na katika vyuo vingine 22 ikazizuia kozi 75. Baadhi ya vyuo vilirekebisha kasoro, vikafunguliwa. Vingine havikuinuka tena. Wapo waliosema Tume ilikuwa kali kupita kiasi. Ukweli ni kwamba ilichelewa. Vyuo vikuu vya binafsi vilikuwa vimechipuka kila kona kwa muongo mzima, vingine kwenye majengo ya kukodi, na kozi za uuguzi, maabara na uhandisi zikatangazwa redioni kabla hata mikroskopu hazijanunuliwa. Mkaguzi anayefika mwaka wa sita akikuta darasa la kwanza limeshahitimu hana tena cha kuzuia.

Watu wa Nachingwea wangepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana ardhi yao imeshuhudia mradi mkubwa ulioanza kabla ya kupimwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield, uliozunguka Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiwa angani, ukarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, yakiwemo maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yakaja 1947. Bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikalazwa kuelekea Nachingwea. Takwimu za mvua zilikuwa za kubahatisha, na udongo wa Kongwa ukikauka uligeuka tofali. Januari 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea, na reli yenyewe ikaja kung'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kozi inayofunguliwa kabla bodi ya taaluma haijapima maabara, walimu na mtaala wake ni karanga zilezile. Tofauti ni kwamba hasara ya karanga ilibebwa na hazina ya Uingereza.

Ithibati, tukumbuke, si jambo la kigeni lililoletwa na wafadhili juzi. Elimu ya juu ya Afrika Mashariki ilizaliwa ndani yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na shahada ilikuwa ya London. Makerere nako kulikuwa hivyohivyo. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alihitimu Makerere mwaka 1962, wakati ule mkono wa London ukiwa bado juu ya mitihani. Kilikuja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikavunjika 1970, na kila nchi ikabaki na chuo chake na wajibu wa kujithibitisha yenyewe. Mkapa huyohuyo ndiye aliyekuwa Rais mwaka 2005 sheria iliyoiunda TCU ilipopita. Kwa hiyo historia ya kutambuliana shahada ina alama za vidole vya Kusini.

Taaluma ya sheria nayo ina kisa chake, tena cha hesabu kali. Oktoba 2022 matokeo ya LST yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa kabisa. Wote 633 walikuwa na shahada za sheria kutoka vyuo vyenye ithibati. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, mbunge wa Songea Mjini, aliunda kamati ya watu saba chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala uliozuka ulikuwa wa kuvutia: vyuo vikaitupia lawama taasisi, taasisi ikavitupia vyuo, wazee wa mahakama wakailaumu lugha ya Kiingereza ya vijana, na vijana wakasema wanakamuliwa ada za kurudia mitihani. Kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Lakini mtu akikaa na namba zile kidogo ataona kwamba zinasema jambo moja bila kigugumizi. Kama kufaulu moja kwa moja ni chini ya asilimia 5, basi ama shahada zile hazikupaswa kupitishwa, ama mtihani ule haupimi kilichofundishwa. Vyombo viwili vya dola moja haviwezi vyote viwili kuwa sahihi hapo.

Jirani zetu wa Kenya walifikisha ugomvi huu mahakamani. Wahitimu 107 wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walinyimwa usajili kwa hoja kwamba bodi ya wahandisi haikuwa imeidhinisha kozi zao. Egerton ni chuo cha umma, kilichoundwa kwa sheria, na wanafunzi wale walipelekwa pale kwa utaratibu wa serikali. Kesi ilipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2018 iliona kwamba wahitimu walikuwa wameonewa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Baraza la Elimu ya Sheria liliamuru kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi kifungwe. Na mwaka 2016 Bunge la Kenya likajaribu kumaliza mzozo kwa kuirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu na kuipa tume ya elimu ya vyuo vikuu mamlaka ya pekee ya kutoa ithibati. Bodi hazikukubali kimyakimya. Uganda nayo Mei 2023 iligundua kwamba orodha ya baraza lake la elimu ya juu ilionesha programu nyingi, zikiwemo za Makerere, zikiwa zimekwisha muda wa ithibati. Wahitimu waliokuwa wakiomba kazi na masomo ng'ambo wakajikuta wanaulizwa kuhusu shahada walizozipata kihalali.

Dawa ya Kenya ina kasoro. Kuzinyamazisha bodi ni kumwondoa mtu anayejua daraja linavyoanguka na kumwachia kazi mtu anayejua fomu zinavyojazwa. Mgonjwa katika hospitali ya wilaya ya Nachingwea hajali TCU ilisema nini. Anachotaka ni kwamba daktari tarajali aliyesimama mbele yake alishika mgonjwa halisi chuoni, na jambo hilo Baraza la Madaktari lina uwezo wa kulikagua kuliko ofisi yoyote. Upande mwingine, ni kweli pia kwamba bodi za taaluma duniani kote zina ugonjwa wa kufunga mlango nyuma yao. Waliotangulia huona kila kozi mpya ni ya hovyo. Wahandisi wa zamani walikuwa na mashaka na uhandisi wa kompyuta, na leo wanauhitaji. Bodi ikiachiwa neno la mwisho bila muda maalumu wa kulitoa, inaweza kukaa na faili mpaka vijana wapate mvi.

Kinachotakiwa hapa ni mpangilio wa wakati. TCU kwa sasa hutumia wataalamu kupima mitaala, na miongozo yake inazitaja bodi za taaluma kama wadau wa kushirikishwa. Kushirikishwa hakutoshi. Kwa kozi ambayo mhitimu wake hawezi kufanya kazi bila usajili wa bodi, yaani uhandisi, tiba, uuguzi, famasi, sheria, usanifu majengo na nyingine za namna hiyo, ithibati ya TCU isitolewe bila sahihi ya bodi husika, na sahihi hiyo itolewe ndani ya miezi iliyotajwa kwenye sheria. Ukaguzi uwe mmoja, wakaguzi wa pande zote waende siku moja, waone maabara ileile. Bodi iliyonyamaza mpaka muda ukapita ihesabiwe imekubali. Na kozi iliyosainiwa isikataliwe tena kwa mwanafunzi aliyeingia wakati sahihi ile ikiwa hai. Kasoro ikigunduliwa katikati, izuiliwe isipokee wapya, na waliomo wamalize chini ya uangalizi.

Sehemu ya pili inahusu fedha, na vyuo havitaipenda. Chuo kinachofunga kozi au kufungiwa kozi kibebe gharama ya kumhamisha mwanafunzi: nauli, tofauti ya ada, na muda wa mkopo ulioongezeka. Leo chuo kikifungiwa hupoteza wanafunzi wapya tu. Ada iliyolipwa na waliotangulia inabaki kwake. Ili hilo liwezekane, chuo kiweke dhamana ya fedha mapema. Dhamana kama hiyo huwekwa na kampuni za madini kwa ajili ya kurekebisha mashimo baada ya mgodi kufungwa, na wananchi wa Ruangwa wanaoishi jirani na kinywe watauelewa utaratibu huo haraka. Vyuo vidogo vitalalamika kwamba dhamana itaviua. Chuo ambacho hakiwezi kuweka fedha ya kumwokoa mwanafunzi wake mmoja hakikustahili kuchukua 300.

Taarifa nazo zina shida yake. Mwaka 2017 serikali iliuondoa udahili wa pamoja, na waombaji wakaanza kuomba moja kwa moja vyuoni. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki, kwa kuwa mfumo wa awali ulikuwa ukimpeleka mtu kwenye kozi asiyoiomba. Lakini ulileta soko. Vyuo sasa vinagombea wanafunzi kwa mabango, redio na ahadi za punguzo. TCU huchapisha kitabu cha mwongozo kila mwaka chenye orodha ya vyuo, kozi na sifa za kuingia, na kila Julai huandaa maonesho ya vyuo vikuu Dar es Salaam, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Kitabu ni cha Kiingereza na kiko kwenye tovuti. Maonesho yako zaidi ya kilomita 500 kutoka Nachingwea. Mzazi aliyeuza magunia yake kwenye mnada hawezi kuhudhuria maonesho hayo, na kitabu kile, hata akikipata, kinamwambia alama za kuingilia tu. Hakimwambii kama bodi ya taaluma itampokea mtoto wakati wa kutoka.

Pengo hilo hujazwa na mawakala, hasa wa vyuo vya nje. Wanafika na vipeperushi vyenye picha za majengo ya vioo, wanaahidi udaktari kwa ada nafuu na kwa alama ambazo nyumbani zisingetosha. Si wote ni waongo. Lakini anayekwenda nje anatakiwa kwanza apate kutoka TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, akirudi shahada yake ipitiwe upya na Tume, kisha aonekane na Baraza la Madaktari. Ni wangapi huambiwa hivyo siku wanapolipa fedha ya kwanza? Na tusichanganye mambo: hawa si wenye vyeti bandia kama wale watumishi wa umma 9,932 waliotajwa katika orodha aliyokabidhiwa Rais Magufuli Dodoma Aprili 2017. Yule wa bandia alidanganya. Huyu amesoma kweli, amelipa kweli, na cheti chake ni halisi.

Mambo yanaanza kusogea karibu, na hilo ni jema. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo Lindi na Mtwara, na kwa walimu na maofisa wa wilaya hizi kimekuwa mkombozi. Mtwara kuna Stella Maris tangu 2009. Chini ya mradi wa serikali wa kuendeleza elimu ya juu, HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi mkoani Lindi, itakayojikita kwenye kilimo. Korosho, ufuta na mbaazi hatimaye vitapata wasomi waliosomea karibu na shamba lenyewe. Hapo ndipo penye nafasi ya kufanya jambo kwa usahihi tangu siku ya kwanza: kampasi hiyo isidahili hata mmoja kwenye kozi ya kitaaluma ambayo bodi yake haijaiweka sahihi. Ni rahisi kulifanya sasa, kuta zikiwa bado mbichi, kuliko mwaka wa nne, mahafali ya kwanza yakikaribia.

Kuna faida pia iliyo nje ya mipaka. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Makubaliano ya kutambuana kitaaluma yalikuwa yametangulia kwa wasanifu majengo na wahasibu mwaka 2011, na kwa wahandisi mwaka 2012. Kwa karatasi, mhandisi aliyesajiliwa Dar es Salaam anaweza kufanya kazi Nairobi au Kampala. Lakini makubaliano hayo ni kati ya bodi na bodi. Asiyesajiliwa kwao hana cha kubeba kuvuka mpaka wa Namanga.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 imeshapita umri wa miaka 20. Inahitaji marekebisho yatakayotaja mambo matatu bila kuficha: sahihi ya bodi kabla ya udahili, ulinzi wa mwanafunzi aliyekwisha kuingia, na dhamana ya fedha kutoka kwa chuo. Wabunge wa Ruangwa, Nachingwea na majimbo mengine ya Lindi na Mtwara wana sababu kuliko wengine za kuyapeleka bungeni. Wakati wanajipanga, maofisa elimu wa wilaya za Ruangwa na Nachingwea wanaweza kufanya la kwao bila kungoja sheria yoyote: wachukue orodha ya TCU na orodha za bodi, waziweke kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, waibandike kila shule yenye kidato cha sita na kila ofisi ya chama cha msingi kabla ya dirisha la maombi lijalo kufunguliwa.

Na mzazi asione haya kuuliza. Amwambie mtoto wake aiandikie bodi ya taaluma anayoitaka, ataje chuo na kozi, na aombe jibu la maandishi, kabla ada haijalipwa.